Pikipiki ya Safari Ni Ile Unayoweza Kuinyanyua

"Afrika haisafiriki kwa cc 150."

Maneno hayo si yangu. Ni ya kaka mmoja ninayemheshimu sana kwa usomaji wake. Aliyatamka kwenye kikao chetu cha kusoma vitabu vya safari, na waliokuwepo wakaitikia kwa vichwa, wengi wao wakiwa hawajawahi kushika klachi maishani. Anatafuta pikipiki moja ya kufanya yote: imtoe Iringa mpaka Dar kwa lami, na mwezi unaofuata imuingize kwenye njia za vumbi, tope na mawe mpaka zinakoishia. Jina analo tayari, BMW R1250GS. Ameiona kwenye filamu, ameisoma, ameiota. Benki imeshamwambia mkopo unawezekana.

Mimi namwambia asinunue. Na namwambia kwanza kama msomaji mwenzake, kwa sababu ugonjwa huu haukuanzia gereji. Umeanzia kwenye kabati zetu za vitabu na kwenye skrini zetu.

Chukua zile filamu mbili zilizowasha moto. Mwaka 2004 waigizaji wawili wa Uingereza, Ewan McGregor na Charley Boorman, walitoka London wakaelekea mashariki, wakazunguka dunia hadi New York juu ya BMW R1150GS Adventure. Mwaka 2007 wakashuka kutoka Scotland mpaka Cape Town juu ya R1200GS Adventure, wakapita Ethiopia, Kenya, Uganda, Rwanda na hapa kwetu. Ni filamu tamu, sikatai. Lakini hebu itazame tena ile ya kwanza, sehemu ya Mongolia. Wamefika kwenye nyika isiyo na barabara ya maana, pikipiki zinaanguka, zinanyanyuliwa, zinaanguka tena. Fremu ya pikipiki ya mpiga picha wao inakatika. Wanafanya nini? Ile kubwa inapandishwa kwenye lori ikatengenezwe mjini, na mpiga picha ananunuliwa pikipiki ndogo ya Kirusi, aina ya Izh, hapo hapo Mongolia, anaendelea nayo na safari. Yaani filamu yenyewe inatoa ushahidi dhidi ya pikipiki yake, mchana kweupe, na bado mtazamaji anainuka kwenye kochi akiitamani ile iliyopandishwa lori!

Tusisahau pia kwamba pikipiki zile walipewa na BMW wenyewe, na kwamba kulikuwa na magari ya msaada na watu wa kuwashughulikia mipaka na vibali. Kaka yangu hana gari la msaada. Ana mke, watoto wawili, mkopo, na spana namba 10, 12 na 14.

Tuseme uzito, maana ndio kesi yenyewe. R1250GS ikiwa na mafuta, kabla hujafunga hata soksi, ni kilo 249. Ile ya Adventure ni 268. Weka masanduku matatu ya aluminiamu, hema, jiko, maji na nguo za baridi ya Kitulo, umeshagusa kilo 300. Hayo ni magunia matatu ya mahindi. Nani kati yetu, akiwa peke yake kwenye utelezi, ananyanyua magunia matatu ya mahindi?

Mwaka juzi nilikuwa njia ya kutoka Engaruka kwenda Engare Sero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Anayeijua njia ile anajua vumbi lake. Ni majivu ya volkano, laini kama unga wa sembe, yanajaza makorongo na kuficha mawe chini yake, kiasi kwamba unaona njia tambarare kumbe unaingia kwenye shimo. Nikamkuta mgeni mmoja, mzee wa Kizungu, amekaa kwenye kivuli cha pikipiki yake. Kivuli chenyewe kifupi, maana pikipiki ilikuwa imelala. Amekaa saa mbili akisubiri mtu. Tulikuja mimi na morani watatu waliokuwa wanapita na mbuzi, tukainyanyua watu watano. Akatushukuru, akapanda, akaenda kama mita 300. Ikalala tena.

Msinielewe vibaya. Yule mzee alikuwa anajua kuendesha kuliko mimi. Alisimama kwenye vikanyagio vizuri, mikono imelegea, macho mbali, kila kitu kama kitabu kinavyofundisha. Ila ukishakuwa juu ya mzigo ule kwenye vumbi lile, ufundi unakusaidia mpaka mahali fulani tu, halafu uzito unaamua. Mimi nilikuwa nimeanguka mara mbili asubuhi hiyo hiyo. Yangu ni Honda XR150L, kilo mia moja na thelathini hivi. Niligeuza mgongo, nikaikalia kwa makalio, nikasukuma kwa miguu, ikasimama. Sikuhitaji morani. Nilihitaji kutukana kidogo tu.

Kwenye vumbi, tope na mchanga pikipiki itaanguka. Kuanguka ni sehemu ya kazi kama vile kutia mafuta. Kwa hiyo anayechagua pikipiki ya kufanya yote haipimi ikiwa imesimama chumba cha maonyesho chini ya taa. Anaipima ikiwa imelala ubavu kwenye korongo, saa kumi jioni, mvua inanukia na hakuna mtu.

Sasa najua atakachojibu, maana ni msomaji. Atasema: "Lakini dada, vitabu!" Haya, twende kwenye vitabu. Ndiko ninakotaka anifuate.

Ted Simon aliondoka London mwaka 1973 akazunguka dunia kwa miaka minne, akapita Afrika nzima kutoka kaskazini hadi kusini. Alipanda Triumph Tiger 100, cc 500, pikipiki ya barabarani ya kawaida kabisa. Kitabu chake ndicho kilichozaa nusu ya vitabu vingine vyote kwenye kabati ile. Aliporudi njiani mwaka 2001, akiwa mzee, alipewa kubwa zaidi, BMW R80GS, na humu Kenya ndimo alimovunjika mguu. Sisemi BMW ndiyo iliyomvunja. Nasema tu kwamba kitabu ambacho wote tunakipenda ni kile cha safari ya kwanza.

Lois Pryce aliacha kazi BBC, akatoka Alaska mpaka ncha ya kusini ya Argentina juu ya Yamaha XT225 Serow. Serow ni jina la mnyama wa milimani wa jamii ya mbuzi, na waliompa pikipiki jina hilo walijua wanachokifanya: nyepesi, fupi, inapanda popote. Baadaye akatoka London mpaka Cape Town kupitia Sahara, Kongo na Angola, juu ya Yamaha TTR250. Kongo! Angola ikiwa imetoka vitani miaka michache tu nyuma! Kwa cc 250. Huyo kaka anayesema Afrika haisafiriki kwa injini ndogo amekisoma kitabu hicho, nilimwazima mimi.

Che Guevara na rafiki yake Alberto Granado walianza na Norton cc 500 ya mwaka 1939, waliyoipa jina lenye maana ya Yenye Nguvu. Yenye Nguvu ikafia Chile. Kitabu ambacho jina lake linataja pikipiki kinaendelea bila pikipiki, kwa lifti za malori na kwa meli, na hapo ndipo kinapoanza kuona watu: wachimba madini, wakoma, wenye njaa. Watu wa fasihi tunapenda kukisifu kitabu hiki kwa siasa zake, ila sijamsikia hata mmoja akiuliza kingekuwaje kama ile chuma ingekuwa na afya.

Halafu Robert Pirsig, mwaka 1974. Wengi hapa mmekisoma kwa ajili ya falsafa, mkaruka kurasa za spana. Rudini kwenye kurasa za spana. Msimulizi ana pikipiki ya kawaida; tunajua kwamba mwandishi mwenyewe alisafiri na Honda ya cc 305. Rafiki yake John ana BMW, na usukani wa BMW hiyo unalegea. Msimulizi anajitolea kuukaza kwa kipande cha bati alichokikata kwenye mkebe wa bia. John anachukia. Bia kwenye BMW? Hataki hata kusikia. Kwa mimi, ugomvi wa mkebe ule ni kitabu kizima kwa ufupi. Yupo mtu anayeiona pikipiki kama chuma, bati, mafuta na hewa, vitu ambavyo mkono wake unaweza kuvifikia. Na yupo anayeiona kama jina. Wa pili akiharibikiwa njiani anasimama pembeni, anasubiri.

Nenda kwa fundi yeyote wa Makambako au Mafinga umwambie usukani umelegea. Hatakuuliza mkebe ulikuwa wa bia au wa soda. Tangi likivuja atasugua sabuni ya kipande mpaka vuja inaziba, utafika mjini. Waya wa klachi ukikatika atakufungia wa baiskeli. Kabureta ataifungua kwa bisibisi moja akiwa anakula mhindi. Lakini mpelekee pikipiki ambayo taa nyekundu imewaka na injini inakataa kuwaka mpaka isomwe na kompyuta yake, atakuangalia kwa huruma na kukuuliza una namba ya mwenye Fuso. Huyu fundi si mjinga. Ni pikipiki iliyotengenezwa kwa namna ya kumfungia mlango.

Hapa nisimame kidogo kwenye chuma chenyewe, maana wengine mnataka kujua ni kitu gani hasa kinaifanya pikipiki iwe ya porini na barabarani kwa pamoja, ukiacha stika.

Kwanza ni tairi la mbele. Kwenye pikipiki ya porini lina kipenyo kikubwa, inchi 21 mara nyingi, au 19 kwa zile za katikati kama yangu. Duara kubwa linapanda jiwe, dogo linaligonga. Rimu ni ya spoku, si ya kumwaga, kwa sababu spoku zinajipinda na kunyooshwa, wakati rimu ya kumwaga ikipasuka imepasuka. Ndani kuna tyubu. Watu wa lami wanaicheka tyubu, ila pancha ya tyubu inazibwa na kijana yeyote mwenye pampu, gundi na kipande cha mpira, chini ya mwembe wowote nchi hii.

Pili, madigadi ya mbele iwe juu, mbali na tairi. Hili dogo watu wanalipuuza mpaka siku wanapoingia kwenye udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua. Udongo ule haumwagiki. Unajisokota kwenye tairi safu juu ya safu mpaka unajaza nafasi yote chini ya madigadi, na tairi linagoma kuzunguka. Unasukuma pikipiki yenye breki ya udongo. Ndiyo maana bodaboda wengi wa vijijini masika ikianza wanaifungua madigadi ya mbele na kuitupa nyuma ya nyumba. Aliyetengeneza pikipiki ya porini ameshakufungulia.

Tatu, shokapu ndefu na tumbo lililo juu ya mawe. Honda CRF300L ina tumbo lililoinuka sentimita 28 na nusu kutoka chini. Gharama yake ni kiti: sentimita 88. Mimi nina urefu wa sentimita 160, na nikiikalia hiyo nagusa chini kwa vidole kama mcheza ngoma. Kuna dawa, unapunguza sponji ya kiti kwa mshona makochi, ila jueni kwamba watengenezaji wengi wanatengeneza wakimfikiria mtu mrefu, na mwanamke wa Iringa hayumo kwenye hesabu. Hili nalo ni sababu ya kutaka nyepesi. Mfupi anaimudu pikipiki ndefu ikiwa nyepesi; ikiwa nzito na ndefu, kila kusimama ni kamari.

Nne, mafuta. Injini ya R1250GS inabana hewa kwa uwiano wa 12.5 kwa 1, inataka petroli safi ya daraja la juu. Petroli ya Pawaga au Loliondo inakuja kwenye dumu, na dumu hilo jana lilikuwa na kitu kingine. Injini ndogo inayopozwa kwa hewa inameza kile kilichopo, inakohoa, inaendelea. Kuhusu tangi: CRF300L ya kawaida ina lita 7.8 tu, na hilo kwangu ni kosa kubwa kwa pikipiki inayojiita ya safari. Ndugu yake, Rally, ina 12.8. XR150L yangu nikienda kistaarabu inanipa kilomita 40 kwa lita, na tangi lake linanifikisha mbali kuliko mgongo wangu unavyoweza.

Mtaniuliza kuhusu kabureta au mfumo wa kunyunyizia mafuta kwa umeme. Juu kule Kitulo, mita 2,600 na zaidi, hewa ni nyembamba na kabureta inabanwa kifua. Mfumo wa umeme unajirekebisha wenyewe. Ila mfumo wa umeme bila betri ni sanamu, na pampu yake haipendi uchafu wa dumu. Mimi bado niko upande wa kabureta. Sitagombana na anayechagua mwingine.

Sasa turudi kwenye hoja za kaka yangu, tuzimalize. Anasema lami. Anasema barabara kuu ya kwenda Dar ina malori ya Zambia na Kongo, na pikipiki ndogo itasukumwa na upepo wake. Kweli, itasukumwa. Kupanda Kitonga nikiwa na mizigo nashuka gia mpaka ya tatu, na malori mengine yananipita na honi za dharau. Anayebeba mke nyuma kwa safari ndefu achukue cc 250 au 300, hapo sina ubishi. Breki za kuzuia tairi kujifunga nazo ni kitu kizuri kwenye lami yenye mvua, na siku hizi hata ndogo nyingine zinazo. Lakini mwendo? Mwendo gani? Kila kijiji ni kilomita 50 kwa saa, kila baada ya kona kuna trafiki na tochi yake. Farasi 136 za injini ile atazitumia wapi, kati ya Ruaha Mbuyuni na Mikumi, nyuma ya lori la shaba? Na kama safari zake zote zitakuwa za lami, basi aseme hivyo, anunue pikipiki ya lami aipendayo, na aache kuifunga taa za porini na masanduku ya chuma kama vile anakwenda kuvuka Sahara.

Tena masanduku yale! Pikipiki ikilala kwenye mchanga na mguu wako ukabaki chini ya sanduku la aluminiamu, ni mguu ndio utakaopinda. Beba mifuko laini. Beba nusu ya ulichopanga.

Kuna hoja ya heshima pia, ile isiyosemwa wazi: kwamba pikipiki kubwa ni ya mwanaume aliyefika. Hoja hii imepambwa na mbio za Paris–Dakar. BMW ilitoa R80 G/S yake mwaka 1980, Hubert Auriol akashinda nayo mwaka uliofuata, na tangu hapo jangwa limekuwa likiuzwa pamoja na injini kubwa. Lakini mbio zenyewe za kwanza, zilizomalizika Januari 1979, zilishindwa na Cyril Neveu juu ya Yamaha XT500, pikipiki ya silinda moja. Na tangu mwaka 2011 mbio hizo hizo haziruhusu pikipiki kupita cc 450. Wale wanaume wenyewe wa jangwani, wenye helikopta na madaktari, wamepunguza. Sisi wa Mafinga ndio tunaongeza.

Wapo wa upande wa pili, wanaosema nunua Boxer au TVS kama bodaboda wote, spea ziko mpaka dukani kwa sukari. Nawaelewa, na kama fedha ni hiyo tu, panda, nenda. Ila mmiliki wa bodaboda anaijua njia yake moja, kila jiwe. Msafiri analala ugenini na kesho yake anakutana na mto.

Sasa nije kwa linaloniuma kweli.

Mama yangu mdogo alikuwa nesi wa chanjo Kilolo. Miaka 11 alipanda Yamaha AG100, ile pikipiki ya mashambani yenye keria mbele na nyuma, cheni imefungwa ndani ya boksi lake isile vumbi, na vyuma vya kukinga usukani inapoanguka, kwa sababu walioitengeneza walikubali mapema kwamba itaanguka. Cc 97. Nyuma alifunga boksi la chanjo lenye barafu. Alitoka alfajiri, akashuka mabonde ambayo sisi wa vitabu tungeyaita ya kutisha, kwenye udongo mwekundu unaoteleza kama umepakwa sabuni, akavuka vijito, akachanja watoto, akarudi usiku. Wiki baada ya wiki. Nilimuuliza kama hakuwa anaogopa. Akafikiri, akasema, "Nilichokuwa naogopa ni barafu kuyeyuka."

Mabwana shamba walipanda hizo hizo. Maparoko, walimu wakuu, maafisa misitu, wapima ardhi. Honda XL za miradi, Yamaha DT zenye moshi wa bluu, AG. Hakuna nchi yenye waendeshaji wa porini wengi na wazoefu kuliko hii yetu na jirani zetu, na kwenye kabati letu la vitabu vya safari hawamo. Mgeni akipita njia ile ile mara moja kwa wiki mbili, anarudi na kitabu, na sisi tunakinunua, tunakijadili, tunakiita cha ujasiri. Sisemi mgeni asiandike. Wengine wameandika vizuri mno, nimetoka kuwasifu hapa. Nasema tumekubali kwamba safari ni ile tu iliyopigwa picha. Nesi alikwenda "kazini". Mzungu alikwenda "safarini". Njia moja, tope moja.

Na ona inavyotugharimu. Kama kaka yangu angekuwa amesoma kurasa 200 za mama mdogo, na barafu yake, na namna alivyokuwa akitembeza AG kwenye daraja la magogo mawili akiwa anaisukuma kwa mkono mmoja wa kushoto, asingekwenda benki kuulizia mkopo wa kilo 249. Angejua kwa mfupa wake kwamba daraja la magogo mawili halina habari na farasi 136. Amekosa kitabu hicho, ndiyo maana anakwenda kununua pikipiki ya kitabu kingine. Kwa bei ya ile BMW huko ilikotoka, hata kabla ya ushuru wetu, angepata XR150L tano, moja ya kwake na nne za zahanati.

Ananiuliza, basi anunue ipi? Sitajificha. Kama atasafiri peke yake na fedha si za kuchezea: XR150L, mpya au iliyotumika, abadilishe tairi ziwe zenye meno kiasi, aongeze keria. Kama anataka nguvu ya lami na ana mfuko: CRF300 Rally, kilo 153, awe na ngazi ya kupandia. Akikutana na Serow iliyotunzwa, asiiachie. Akiikuta DT125 ya mradi kwenye mnada wa halmashauri, aangalie kwanza kama pistoni inapatikana, maana mapenzi hayaendi bila spea. Juu ya kilo 160 asiende, labda awe na morani wake.

Na kabla ya kulipa afanye jaribio ninalomfanyia kila muuzaji. Omba pikipiki itolewe nje, mahali tambarare. Funga bomba la mafuta, ilaze ubavu wa kulia taratibu, kisha inyanyue peke yako. Halafu ubavu wa kushoto, ambao ni mgumu zaidi kwa sababu upande wa pili hakuna stendi ya kukuokoa isipitilize. Ukishindwa ukiwa umeshiba, kwenye sakafu ya simenti, una viatu vizuri, basi huko Engare Sero itakuwaje?

Wauzaji hawalipendi jaribio hili. Wa Kariakoo niliyenunua kwake yangu aliniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba, akamwita mwenzake aje aone. "Dada anataka kulaza pikipiki," akamwambia. Wakacheka. Kisha akasema, "Lipia kwanza, dada, halafu uilaze unavyotaka." Tulibishana dakika kumi nzima. Mwishowe alileta kipande cha boksi, akakitandika chini ili rangi isichubuke, na akasimama karibu, mikono tayari, akidhani nitahitaji msaada.